Hela Ipo, Mkono Umefungwa: Kwa Nini New York Walimwacha Hartenstein

Saa tisa za usiku wa kuamkia Mei 15, 2024, tulikuwa wanne sebuleni kwangu Magomeni. Sauti ya televisheni tuliishusha ili watoto wasiamke, na chupa ya chai ya tangawizi ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono. New York Knicks walikuwa wanacheza na Indiana Pacers, mchezo wa tano wa nusu fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kila New York walipokosa kikapu, mkono mmoja mrefu ulichomoza katikati ya miili na kuurudisha mpira. Isaiah Hartenstein. Usiku ule alichukua ribaundi 17, yaani mipira iliyotupwa ikakosa kikapu, na 12 kati ya hizo alizinyakua chini ya kikapu cha Indiana, mipira ambayo wenzake walikwishaikosa. New York wakashinda 121 kwa 91. Rafiki yetu mmoja, fundi wa majokofu ambaye sote tunamwita Fundi, akaweka kikombe chini akasema, "Huyu hata wakiuza jengo, wamlipe."

Wiki saba baadaye, Julai 1, habari zikatoka: Hartenstein amekubaliana na Oklahoma City Thunder, miaka mitatu, dola milioni 87. Simu zetu zikajaa maneno ya hasira. Uongozi umelala. Mwenye timu bahili. Mtu anakubebea timu halafu unamwacha aende bure! Nami niliandika yangu, na sikuwa mpole.

Ukweli ni kwamba New York hawakumnyima. Hata kama mwenye timu angekuwa tayari kumimina fedha, kanuni za ligi zilimruhusu kumpa Hartenstein dola milioni 72.5 kwa miaka minne, na senti moja juu ya hapo ingekuwa batili. Ninaandika haya kwa sababu kila kiangazi cha Marekani tunarudia ubishi ule ule wa nani asajiliwe, na mara nyingi tunabishana juu ya jambo ambalo halikuwa mikononi mwa mtu tunayemlaumu.

Wengi wetu tumekulia kwenye soka, na soka limetufundisha kwamba usajili ni pochi. Simba au Yanga wakimtaka mtu, tunauliza mawili: klabu yake inadai kiasi gani, na tajiri yuko tayari kutoa? Yakipatikana hayo, jezi inanyanyuliwa mbele ya kamera. Tukihamia NBA tunakwenda na macho yale yale, na ndipo tunapopotea. Kule hakuna kuuziana wachezaji kama huku. Timu humbadilisha mchezaji kwa mchezaji mwingine, au kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti, zoezi la kila mwaka la timu kugawana wachezaji wapya. Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umekwisha na anaweza kuzungumza na timu nyingine. Ila timu inayomtaka haiulizwi kwanza kama ina hela. Inaulizwa ina ruhusa gani.

Ruhusa hiyo inaanzia kwenye ukomo wa mishahara. Huu ni jumla ya mishahara ambayo kikosi kizima kinatakiwa kiwe ndani yake, na hupangwa upya kila msimu kufuatana na mapato ya ligi. Ulipoanza kutumika msimu wa 1984-85 ulikuwa dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 140.6. Ukiwa chini ya ukomo una nafasi, na unaweza kumchukua mchezaji huru wa timu yoyote ilimradi mshahara wake uenee kwenye nafasi hiyo. Ukiwa umeshaujaza, huruhusiwi kusajili isipokuwa kwa ruhusa maalumu.

Na ruhusa hizo maalumu ndizo mchezo wenyewe. Ukomo wa NBA una matundu yaliyotobolewa kwa makusudi, na tundu kubwa kuliko yote limepewa jina la Larry Bird, nyota wa Boston Celtics wa miaka ya themanini. Wazo lake ni la haki kabisa: timu iliyomlea mtu isilazimike kumpoteza kwa sababu tu hesabu imejaa. Mchezaji akitimiza misimu mitatu bila kuhama kama mchezaji huru, timu yake inapata haki kamili ya Bird, nayo inaweza kumsaini upya kwa mshahara wowote hadi kile kiwango cha juu kabisa ambacho ligi inamruhusu mchezaji, hata kama imeshapita ukomo kwa mbali. Akitimiza misimu miwili tu, haki inakuwa nusu: timu inaweza kumpa asilimia 175 ya mshahara wake wa mwisho, au kiasi kinachokaribia wastani wa mishahara ya ligi, kipi kikubwa. Msimu mmoja unatoa haki ndogo zaidi, ya asilimia 120.

Sasa chukua kalamu. Hartenstein alisaini New York Julai 2022, mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 16 na ushee. Msimu wake wa mwisho alilipwa kama milioni 9.2. Asilimia 175 ya hizo ni milioni 16.2, na huo ndio mshahara wa mwaka wa kwanza ambao New York waliweza kumwandikia. Nyongeza ya kila mwaka haizidi asilimia 8 ya mshahara huo wa kwanza. Jumlisha miaka minne: 72.5. Oklahoma walimpa wastani wa milioni 29 kwa mwaka, New York waliishia wastani wa 18. Hakuna mwanamume mwenye familia utakayemlaumu kwa kuchagua alichochagua.

Siku zile zile, New York hao hao walimpa OG Anunoby dola milioni 212.5 kwa miaka mitano. Fundi alikasirika zaidi kwa hilo: Anunoby amekuja juzi tu, Desemba 2023, hajamaliza hata mwaka, inakuwaje yeye apewe mlima wa fedha na mwenzake wa misimu miwili afungiwe mlango? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalofungua kanuni nzima. Anunoby hakuja kama mchezaji huru. Alikuja kwa kubadilishana na Toronto Raptors, alikokuwa tangu 2017, na mchezaji anayebadilishwa huja na haki zake begani. Saa yake haianzi upya. New York walimpokea mtu pamoja na miaka yake yote ya Toronto.

Kwa hiyo mwaka uliomwondoa Hartenstein ni 2022, siku ile alipoandikiwa miaka miwili. Wangeandika mitatu, haki ingekuwa kamili. Je, walikosea? Kwa maoni yangu, hapana. Hartenstein wa 2022 alikuwa senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, aliyetoka kucheza Los Angeles Clippers kwa mshahara wa kima cha chini, anakuja kukaa nyuma ya Mitchell Robinson. Ni Robinson kuumia kifundo cha mguu Desemba 2023 ndiko kulikomweka Hartenstein uwanjani tangu dakika ya kwanza, na akafanya makubwa. Kumpa kila senta wa akiba miaka mitatu kwa kuhofia kwamba mmoja wao atachanua ni njia ya kujaza kikosi watu usioweza kuwaondoa. Ila tukitaka kulaumu, tulaumu tarehe sahihi.

Na Oklahoma walipata wapi nafasi? Kwa vijana. Chet Holmgren alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2022 na Jalen Williams wa kumi na mbili, na mshahara wa mchezaji wa raundi ya kwanza katika miaka yake ya mwanzo hupangwa na ngazi ya kuchaguliwa kwake. Hata kijana akicheza kama mfalme, ngazi haibadiliki mpaka mkataba ule uishe. (Nafasi ya pili ni ile ile aliyochaguliwa Hasheem Thabeet wetu mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, na baadaye alivaa jezi ya Oklahoma hiyo hiyo.) Oklahoma walikuwa na nyota wawili wanaolipwa kwa ngazi ya chipukizi. Kiangazi kile walikuwa na nafasi ya kumlipa senta, na Juni 2025 wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Indiana michezo minne kwa mitatu, Hartenstein akiwamo.

Mashabiki wakisikia hivyo, wengi hukimbilia kusema: basi na sisi tusafishe kikosi tupate nafasi. New York wanaijua njia hiyo, na iliwaumiza. Mwisho wa Januari 2019 walimtoa Kristaps Porziņģis, chaguo lao la nne la drafti ya 2015, wakampeleka Dallas ili mishahara ishuke na kiangazi kile wawalipe nyota wawili kwa mpigo. Kevin Durant alikuwa anakuja, Kyrie Irving alikuwa anakuja. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyoamini. Juni 30 wote wawili wakachagua New York kweli, lakini ng'ambo ya mto: Brooklyn Nets. Knicks wakabaki na nafasi tupu, wakaijaza kwa Julius Randle na kundi la wachezaji wa mikataba mifupi. Nafasi kwenye ukomo ni uwezo wa kuuliza swali tu. Anayejibu ni mchezaji.

Tena thamani ya nafasi hutegemea wangapi wanayo. Mwaka 2016 fedha mpya za televisheni ziliurusha ukomo kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa msimu mmoja, na ghafla karibu kila timu ikawa na nafasi. Golden State, waliotoka kushinda michezo 73, waliweza kumwongeza Durant kwa sababu ya ukomo kuruka hivyo. Los Angeles Lakers nao wakampa Timofey Mozgov milioni 64 na Luol Deng milioni 72, miaka minne kila mmoja. Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini, alikuwa amecheza kwa heshima Chicago na Miami, na baadaye, kama rais wa shirikisho la kikapu la nchi yake, aliifikisha Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Sioni kosa lake kuupokea mkataba aliopewa. Bei ya siku ile iliwekwa na wingi wa wanunuzi, na Lakers walihangaika kuiondoa mikataba ile miwili kwa miaka.

Upande wa pili wa hali hiyo ulimkuta Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, kiangazi cha 2025. Mkataba wake wa chipukizi na Golden State ulikuwa umekwisha, lakini alikuwa mchezaji huru mwenye masharti: timu nyingine ikimwandikia ofa, Golden State wana haki ya kumpa kiasi kile kile na kubaki naye. Ili masharti yamnufaishe, lazima awepo mtu wa kuandika ofa. Mwaka ule nafasi ya maana ilikuwa karibu Brooklyn peke yao. Julai ikapita, Agosti ikapita, na Kuminga akasaini na Golden State Septemba 30, miaka miwili ya hadi dola milioni 48.5, huku timu ikiwa na uamuzi juu ya mwaka wa pili. Waliokuwa wakisema "aondoke tu, mbona anang'ang'ania" hawakumwonyesha pa kwenda.

Sasa turudi kwa timu iliyojaa, maana ndizo nyingi. Zaidi ya haki ya Bird, ina njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni ruhusa ya kiwango cha kati, fungu moja kwa mwaka la kumsajili mtu wa nje hata ukiwa juu ya ukomo. Msimu wa 2025-26 lilikuwa dola milioni 14.1. Kwangu mimi hapa ndipo meneja mzuri anapojulikana. New York walilitumia mwaka 2023 kumchukua Donte DiVincenzo, na msimu huo huo akafunga mitupo 283 ya pointi tatu, rekodi ya klabu. Ya pili ni kima cha chini cha mshahara, ambacho hakihitaji nafasi yoyote. Kina utamu wake: mkongwe wa misimu kumi na zaidi alipwaye kima cha chini kwa mwaka mmoja alipokea milioni 3.6 msimu wa 2025-26, lakini timu ilihesabiwa milioni 2.3 tu, na tofauti ikalipwa na ligi. Kwa njia hiyo New York walimpata Jordan Clarkson, mchezaji bora wa akiba wa mwaka 2021, baada ya kuachana na Utah kwa makubaliano. Kwa kuwa Utah ilikuwa imeshamlipa kuvunja mkataba, aliweza kukubali kidogo.

Juu ya yote hayo kuna mistari mingine. Kuna mstari wa kodi ya anasa, ambao ukiupita unalipa faini kwa kila dola. Na tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2023 kuna aproni mbili, yaani mistari miwili ya mishahara iliyo juu ya ule wa kodi. Ya pili, kwa msimu wa 2025-26, ilikuwa dola milioni 207.8. Zamani tajiri aliweza kulipa kodi akaendelea kununua. Aproni ya pili imeundwa kumzuia mtu wa namna hiyo, kwa sababu haiishii kwenye fedha, inakunyang'anya zana. Ukiivuka hupati fungu la kati hata kidogo. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumchukua mmoja mkubwa. Chaguo lako la raundi ya kwanza la drafti ya mwaka wa saba kutoka hapo linagandishwa, huwezi kulibadilisha na timu nyingine. Na ukiwa juu ya aproni ya kwanza, fungu lako la kati msimu ule lilishuka hadi milioni 5.7, nawe ukilitumia unajifunga kutovuka aproni ya pili msimu mzima. New York walijifunga hivyo 2025 kwa ajili ya Guerschon Yabusele, Mfaransa aliyekuwa Philadelphia. Ndiyo sababu kila jina kubwa tulilolitaja kiangazi kile lilikuwa ndoto.

Ukitaka kuona mistari hii inavyoingia kwenye maisha ya mtu, mtazame Jalen Brunson. Alikuja New York 2022 kwa dola milioni 104 za miaka minne, akiiacha Dallas iliyokuwa na haki kamili ya Bird juu yake. Haki ile inaipa timu ruhusa ya kulipa, haimfungi mchezaji kubaki, na Dallas hawakupata chochote. (Ligi iliwanyang'anya New York chaguo la raundi ya pili la 2025 kwa kuanza mazungumzo kabla ya wakati.) Julai 2024 akaongeza mkataba kwa milioni 156.5 za miaka minne. Angesubiri mwaka mmoja tu, angestahili hadi milioni 269 za miaka mitano. Aliacha mezani kama milioni 113, nyingine za mwaka wa tano ambao hakuuandika, nyingine za kukubali mshahara mdogo kwa wakati ule. Mimi sijawahi kuona zawadi kubwa zaidi mchezaji akiwapa wenzake, kwa sababu kila milioni aliyoiacha ilikuwa umbali mwingine kutoka aproni ya pili.

Oktoba mwaka huo New York wakamchukua Karl-Anthony Towns kutoka Minnesota, wakimtoa Randle na DiVincenzo. Mishahara inayotoka ilitakiwa ilingane na inayoingia, nayo ilipungua. Wakawasaini DaQuan Jeffries, Charlie Brown na Duane Washington na kuwapeleka papo hapo Charlotte, timu ya tatu kwenye mpango ule, ili mizani ikae sawa. Mtu anayesoma habari ile bila kujua kanuni anauliza hao watatu wanahusika vipi na Towns. Walikuwa mawe ya mizani, na walilipwa kwa kuwa hivyo.

Senta aliyebaki New York baada ya Hartenstein ni yule yule aliyeumia, Mitchell Robinson. Walimchagua wenyewe 2018, hadi msimu wa 2025-26 hakuwa amevaa jezi nyingine ya NBA, na mkataba wake wa miaka minne wa dola milioni 60 wa mwaka 2022 uliandikwa ufike mwisho wa msimu wa 2025-26. Kwake hakuna asilimia 175, haki ni kamili. Lakini kikosi cha msimu huo kilikuwa na Brunson, Towns, Anunoby, na Mikal Bridges aliyeongeza milioni 150 za miaka minne Agosti 2025, na kila dola ya Robinson ingepangwa juu ya hizo.

Zamani Fundi angenitumia ujumbe wa "wamlipe". Safari hii aliniandikia mchana, akiwa kazini: "Robinson haki yake ni kamili, hilo nimeelewa. Aproni ya pili ya msimu ujao itakuwa ngapi?"